Tulimaliza madeni yote, sasa mzee wangu anataka tukope tuende Diani

Salamu sana mshauri,

Naandika hii usiku, watoto wamelala na mzee ako zamu ya usiku, na sijui hata nianzie wapi juu ukituangalia kwa nje hatuna shida yoyote. Hakuna mgonjwa, hakuna anayelewa, kodi imelipwa. Lakini nimekaa hapa jikoni na insha ya mtoto mkononi na machozi hayaishi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, niko na miaka 38, tunaishi Kahawa West. Kijana wangu mkubwa ako na 13, msichana 10, na kitindamimba 6. Mzee ni dereva, mimi ni karani kwa duka la vifaa vya ujenzi.

2020 corona ilipoingia mzee alikuwa anaendesha lori la kampuni fulani. Machi wakasimamisha kazi, Mei akaambiwa asirudi. Mimi mshahara ukakatwa nusu. Tukaanza na mkopo mmoja wa simu, elfu tatu tu ya unga na gesi, halafu tukachukua mwingine kulipa ule, na mwingine kulipa huo mwingine, mwisho nilikuwa na mikopo sita kwa laini yangu na miwili kwa laini ya mzee, na deni la chama, na kodi ya miezi mitatu. Niliposhindwa kulipa mmoja wakaanza kupigia watu walio kwa simu yangu. Walipigia bosi. Walipigia mama mkwe akiwa kwa mkutano wa akina mama wa kanisa huko ushago, wakamwambia mke wa mtoto wako ni mwizi. Alinipigia jioni akaniuliza swali moja tu, "Ni ukweli?" Nikasema ndiyo mama. Akasema sawa, akakata. Hadi wa leo hatujawahi kuizungumzia.

Hapo ndipo nilinunua kauntabuku. Kila shilingi inayoingia na kila inayotoka naiandika. Mboga nanunua Githurai Jumamosi jioni bei ikishuka, maharagwe nachemsha kwa jiko la makaa Jumapili, ya wiki nzima, ndio gesi ya kilo 6 ivuke mwezi. Nguo ni mtumba, nywele za msichana nasuka mwenyewe, kinyozi wa hawa vijana ni baba yao. Novemba 2023 tukalipa deni la mwisho. Nilifuta zile programu zote kwa simu nikalala masaa kumi na mbili mfululizo.

Tangu hapo sijakopa hata chumvi kwa jirani. Na hatujawahi kuenda mahali. Yaani mahali popote, isipokuwa ushago Krismasi na matanga.

Sasa shemeji yangu mkubwa, yeye Mungu amembariki, amefungua grupu ya WhatsApp inaitwa "Diani Disemba". Amepata vila, siku tano, familia tatu, kila familia 85,000, chakula na nauli kila mtu ajipange. Mama mkwe pia anaenda. Mzee wangu ameshaandika huko "tuko ndani" na emoji ya mnazi, bila kuniuliza. Kumuuliza pesa itatoka wapi akasema atachukua laki moja kwa Sacco, alipe mwaka mmoja, "na hiyo si deni, ni ya Sacco". Nikakataa kabisa. Tukabishana mpaka akaniambia, "Mama, hata jela kuna siku ya wageni." Hiyo maneno imekaa kwa roho yangu wiki mbili.

Halafu leo nikipanga vitabu vya shule nikapata insha ya msichana, "Likizo Niliyoifurahia". Ameandika tulienda Mombasa. Ati tulilala hoteli inayoangalia bahari, maji yalikuwa baridi kama ya friji, baba akatufundisha kuogelea, (baba yake hajui kuogelea!) na mstari wa mwisho ni huu, nimeunakili vile alivyouandika: "Mama alifurahi sana kwa sababu aliacha kitabu nyumbani."

Nikakumbuka juzi kitindamimba nimemnunulia mandazi ya shilingi kumi kwa stendi, kabla ya kuuma akaniangalia akauliza, "Mama, hii pia utaiandika?"

Kitu kingine, sijui kama ni muhimu. Niko na akiba ya 118,000 nimeifungia mahali, nimekuwa nikiweka kidogo kidogo tangu 2023. Mzee hajui. Si ati namficha, ni vile akijua itaisha.

Niambie ukweli, mimi nimekuwa mchoyo? Nikubali huo mkopo ndio watoto waone bahari, ama nisimame pale pale? Nikifikiria kukaa meza moja na mama mkwe siku tano nikijua hata hiyo samaki tunakula ni ya deni, naskia kutapika.

Mama wa Kitabu, Nairobi

JIBU

Dadangu Mama wa Kitabu, asante kwa kuandika. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa kwa matatu mpaka nikapitisha steji yangu.

Wacha nikuambie nilichosikia, unirekebishe nikikosea. Mlianguka kwa shimo refu, na mkatoka kwa mishahara miwili ya kawaida, bila kuuza shamba na bila kuhama usiku. Kuna watu wengi hapa Nairobi waliingia kwa hilo shimo mwaka mmoja na nyinyi na bado wako ndani. Kilichowatoa ni kitabu. Sasa deni limeisha lakini ni kama kitabu hakijaambiwa, bado kinaamka asubuhi kinaenda kazini. Halafu imekuja safari ya 85,000, bwana amesema ndiyo kwa grupu, wewe umesema hapana kwa nyumba, na katikati yenu kuna msichana wa miaka 10 ambaye aliona wakubwa wanachelewa akaamua kujiandikia safari yake mwenyewe.

Hilo neno mchoyo liweke kando kwanza. Mchoyo halii jikoni usiku juu ya insha. Nitakuuliza kitu kingine. Nimehesabu barua yako inataja riba mara ngapi: hakuna hata mara moja. Mama mkwe umemtaja kwa ile simu, ukamtaja kwa safari, na ukamalizia na yeye pale kwa samaki. Unaogopa deni, ama unaogopa kuulizwa tena "Ni ukweli?" Hizo ni hofu mbili na hazitibiwi na dawa moja. Unaweza kukaa bila deni miaka ishirini na hiyo ya pili ikuamshe bado.

Kwa deni lenyewe, tuliangalie kama watu wa hesabu, juu wewe ni mtu wa hesabu. Mkopo wa Sacco na ile ya simu iliyowaumiza si kitu kimoja. Sacco nyingi hutoza kama asilimia 1 kwa mwezi, kwa salio linalopungua. Laki moja kwa mwaka mmoja inakuja kama 8,900 kila mwezi, na riba yote ukijumlisha ni kama 6,600. Hakuna atakayempigia mama mkwe akiwa kanisani. Hata hao wa simu, tangu kanuni za Benki Kuu za 2022 wamekatazwa kusumbua watu walio kwa orodha ya namba zako. Kwa hivyo mzee akisema hii ni tofauti, ako na kaukweli hapo, na nadhani angesikia vizuri sana ukimwambia hivyo kabla ya kumwambia hapana.

Lakini hiyo 8,900 inaanza lini? Januari. Njaanuari yenyewe, na karo na yunifomu na kijana wa miaka 13 ambaye viatu vinamkataa kila muhula. Na inaisha lini? Disemba inayofuata, grupu ikifunguliwa tena na emoji ya mnazi. Pia laki moja haitoshi, hesabu tu. Treni ya SGR, behewa la kawaida, tangu Januari 2024 mtu mzima ni 1,500, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 ni nusu. Nyinyi wawili na kijana ni 4,500, hao wadogo wawili 1,500, jumla 6,000 kuenda na 6,000 kurudi. Ongeza matatu za kutoka Miritini mpaka feri (kuvuka Likoni kwa miguu ni bure, angalau hapo mmepona) na za kutoka Likoni mpaka Diani. Hujanunua chakula cha siku tano bado, na mtoto ameshaona ngamia pale ufuoni. Muulize mzee, bila vita, hiyo juu ya 100,000 itatoka wapi. Pengine hajaihesabu, juu kwa hiyo nyumba hesabu si kazi yake.

Na hapo nataka tukae kidogo. Maneno ya jela ni makali, na si ati natetea. Lakini fikiria mwanaume aliyepoteza kazi 2020, akapata nyingine, analeta kila shilingi nyumbani, na tangu hapo kila shilingi yake inaandikwa na mkono wa mtu mwingine. Ulifanya vizuri, nyumba ilikuwa inaungua na wewe ndiye ulikuwa na ndoo. Swali langu ni kama kuna siku mlikaa mkaulizana moto ukizima ndoo itashikwa na nani. Mimi sijui kwa nini aliandika "tuko ndani" haraka hivyo. Inaweza kuwa ni bahari. Inaweza kuwa pia miaka hii yote kwa michango ya kwao amekuwa yule ndugu wa "nitatuma mwisho wa mwezi", na mara moja tu alitaka kuwa wa kwanza kujibu. Kama ni hiyo ya pili, hata vila ya bure haitamtosha, na safari ndogo ya bei rahisi itamuuma badala ya kumfurahisha. Ni yeye tu anaweza kukuambia, na si kwa simu akiwa zamu ya usiku.

Wewe pia jiulize. Shemeji akiandika kesho kwa grupu kwamba amelipia kila mtu, ungefurahi? Usinijibu mimi. Lile jibu lililokuja kabla hujafikiria, hilo ndilo ulichunguze.

Sasa ile 118,000. Umeiweka mwisho kabisa na ukasema hujui kama ni muhimu. Ni muhimu, dadangu. Sikulaumu kwa kuweka. Ukiwa umeona kodi ya miezi mitatu ikikuangalia, akiba ya dharura ni busara, na kwa nyumba yenu hiyo ni kama pumzi ya miezi mitatu hivi. Lakini kwa nyumba ambayo mandazi ya shilingi kumi inaandikwa, kuna laki moja na ushee haijaandikwa. Fikiria tu vile mambo yamepangika: mzee aende Sacco, atafute wadhamini, akatwe 8,900 kwa payslipu mwaka mzima, na wakati huo wote bibi yake ako na pesa zaidi ya hiyo. Siku atakayojua, na hizi vitu hujulikana, ujumbe wa simu unaingia tu ukiwa unaosha vyombo, hatakumbuka ulivyochemsha maharagwe. Wewe pia umemkatalia mkopo kwa sababu "hatuna". Si ndivyo ulisema?

Kumwambia kuna hatari yake, siwezi kukuficha. Anaweza kusema basi tatizo limeisha, toa tuende Diani. Anaweza kuumia kwanza kabla ya kushukuru. Ndio maana kama utaamua kumwambia, ningetamani uwe umeshajua hiyo pesa ni ya nini. Pesa isiyo na kazi kila mtu huitafutia kazi. Ukisema "hii ni kodi ya miezi mitatu na chakula, na inayobaki tukae tuamue pamoja", hayo ni mazungumzo tofauti na "niko na akiba". Kuna wenzi huifungia kwa akaunti ya majina mawili, wote watie sahihi ndio itoke. Kuna wale hata hiyo haiwafai. Wewe ndiye unamjua.

Kwa safari yenyewe, naona mnabishana kama ziko njia mbili tu, vila yote ama ushago. Kuna zingine na zote ziko na mwiba mahali. Mnaweza kumwambia shemeji ukweli kwamba mtakuja siku mbili na mlipie siku mbili, ama mlale chumba cha bei ya chini upande wa Ukunda na mchana mko nao, ufuo ni wa umma na bahari haiulizi risiti. Mwiba wake ni heshima ya mzee mbele ya ndugu zake, na watoto wenu kuona binamu wakirudi kwa dimbwi la kuogelea jioni nyinyi mkitafuta matatu. Watoto wengine hilo halitawasumbua hata, kijana wa miaka 13 litamsumbua.

Ama mwende wenyewe wakati ambao si Disemba. Disemba Pwani kila kitu kiko juu, na tiketi za treni huisha mapema sana. Aprili watoto wako likizo na bei hushuka, lakini ndio msimu wa mvua unaingia, mnaweza kukaa dirishani siku mbili mkihesabu matone. Agosti jua si kali, kuna upepo wa kusi, na ukianza Januari kuweka 4,000 kila mwezi utakuwa na 32,000 Agosti ikifika, bila kugusa ile nyingine. Hiyo inabeba treni kuenda na kurudi, chumba cha kawaida Mombasa siku chache, Fort Jesus ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 na mtoto wa insha atapata ya kuandika mpaka mwalimu achoke, na jioni mnakula mihogo ya kukaanga pale Mama Ngina mkiangalia meli zikiingia. Mwiba wa hii ni neno "mwaka ujao". Watoto wako wamelisikia mara ngapi? Kama utalisema tena, pengine liwe na tarehe na bahasha wanayoiona ikinenepa.

Na kuna Jumamosi moja tu. Karura iko hapo hapo, msitu ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwaka wa 1999, kuna maporomoko ya maji na mapango na mnaweza kubeba chapati zenu kwa kontena. Ama Naivasha, Hell's Gate, mojawapo ya mbuga chache ambazo mtu anaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, na kijana wa 13 atasahau ako na simu. Hizi hazichukui nafasi ya bahari na ukizitumia kuziba mdomo wa watoto watajua, watoto si wajinga. Lakini zinaweza kukufundisha kitu wewe kwa bei ndogo.

Ninachomaanisha ni hiki. Siku hiyo chukueni pesa mliyokubaliana, mseme 3,000, iwekwe kwa bahasha, na bahasha ashike mzee. Kitabu kibaki kabatini. Ikiisha mnarudi nyumbani, haijaisha mnanunua maembe. Jioni hakuna kuandika. Najua mara ya kwanza roho itakuenda mbio na mkono utatafuta kalamu, na inawezekana ukashindwa ukaandika kwa siri saa tano usiku. Si dhambi. Utakuwa tu umejua ni nani anayeshikilia mwenzake, wewe ama kitabu.

Kuna mama mmoja aliniambia kwao ukurasa wa mwisho wa kitabu ni wa watoto, wanaandika wao vitu wanavyotaka na wanatafuta bei wenyewe. Sijui kama itafaa kwenu. Nimeifikiria tu juu una mtoto ambaye tayari anajua kuandika safari, hajui tu nauli.

Na mama mkwe. Hiyo simu ina miaka kadhaa sasa. Alikuuliza kama ni ukweli, ukasema ndiyo, akasema sawa. Umebeba hiyo "sawa" kama hukumu, lakini hujawahi kumuuliza alimaanisha nini. Wazee wengine sawa yao ni hukumu, wengine ni "nimesikia mwanangu, wacha nikakuombee". Mlipomaliza deni lote 2023, je, kuna mtu alimpigia akamwambia? Aliyempigia wakati wa aibu alikuwa mgeni kabisa. Ya kumaliza hakuna aliyempigia, nadhani. Mnaweza kuenda Diani ama msiende, hiyo simu haihitaji vila.

Niandikie tena mkishaongea, hata kama mtakuwa mmegombana zaidi. Na ukimwona msichana mwambie amepatia kila kitu isipokuwa kimoja, maji ya bahari kule Pwani si baridi kama ya friji, ni ya vuguvugu kabisa, hapo ameandika maji ya mfereji wa Nairobi mwezi wa Julai.

Mwalimu alimpa ngapi, by the way? Hukusema.